Lita Nne Katika Dida Galgalu

Kutoka Marsabit hadi Moyale ni takriban kilomita 250, na mwenye kuzikata kwa baiskeli ana siku moja ambayo ataihesabu kwa lita kabla ya kuihesabu kwa kilomita. Ndiyo siku ya Dida Galgalu, uwanda wa mawe meusi ya volkano ulio chini ya mlima. Kabla ya lami watu waliuvuka juu ya malori, tena kwa misafara yenye walinzi. Leo barabara imenyooka, lakini maji hayakusogea karibu.

Tulikuwa watatu: mimi na vijana wawili niliowasomesha chuoni tangu wakiwa wadogo. Tuliondoka Marsabit baada ya sala ya Alfajiri, ukungu ungali juu ya msitu, nasi tumejifunika makoti. Mteremko ulitushusha bila ya kukanyaga pedeli. Bubisa tulikunywa chai, tukafunga makoti kwenye kariya, tukajaza madumu.

Baada ya hapo ni upepo. Sisi watu wa pwani tunaujua kusi kwa kuona jahazi likienda. Kule hutoka kusini mashariki ukakupiga ubavu wa kulia, ukakusukuma kwenye mawe. Lori likipita, hukatika ghafla, kisha hurudi kama kofi. Faraja ni kuwa njia yenyewe huelekea kaskazini na mashariki kidogo, hata uso wa msafiri hauko mbali na Kibla. Kijana mdogo akaniuliza kama sunna huswihi juu ya baiskeli. Nikamwambia kuwa msafiri ameruhusiwa kusali sunna juu ya kipando chake, akielekea anakokwenda. Ila malori hayamngojei mtu atoe salamu.

Ilipoingia Adhuhuri tulisimama penye kalvati. Tulikuwa na lita nne kwa watu watatu, na Turbi ilikuwa bado saa tatu za kukanyaga. Akaja mama mmoja na watoto wawili, nyuma yao ngamia. Akatuonyesha dumu tupu, akasema neno moja tulilolifahamu: *bishaan*, maji. Tukammiminia lita mbili. Alikunywa mwisho, baada ya watoto.

Mama alipokwenda zake, yule kijana mkubwa akafungua kifuniko cha dumu lililobaki ili atawadhe.

“Maalim, nitaosha mara moja moja tu. Vipi tutayamamu na maji tunayo mkononi?”

Swali lake si dogo, na najua liko katika nyumba nyingi zinazosafiri. Watu hudhani kuwa tayamamu ni ya asiye na tone. Sivyo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, maji yanayohitajiwa kwa kiu, hata kiu ya baadaye, ni kama hayapo kwa upande wa udhu. Hukumu hiyo haiishii kwa mwanadamu, bali humfikia hata mnyama mwenye kuheshimiwa, mfano wa wale ngamia. Anayeyamwaga ili aonekane mchaji, kisha akaanguka njiani kwa kiu, hakuitukuza sala.

“Basi lifunge, mwanangu,” nikamwambia.

Tatizo lililobaki lilikuwa la vumbi. Uwanda umejaa mawe, na kwetu jiwe tupu halitoshi. Sharti udongo wenye vumbi. Tuliupata kwenye mdomo wa kalvati, mahali maji ya mvua yalipouacha ukakauka. Tukapiga mara ya kwanza kwa uso, ya pili kwa mikono hadi viwikoni. Tukasali Adhuhuri rakaa mbili, tukatayamamu upya, kwani tayamamu moja haichukui faradhi mbili, kisha bila ya kukawia tukasali Alasiri rakaa mbili. Kijana akauliza kama itabidi tuzirudie. Hapana, mahali ambapo ukosefu wa maji ndiyo hali ya kawaida hazirudiwi.

Zile lita mbili zilitufikisha, zikigawanywa kwa kifuniko cha chupa. Saa ya mwisho hapana aliyesema neno.

Turbi tuliingia jua likizama. Mzee mmoja, kabla ya kutuuliza majina, alituletea birika la maji na kata ya maziwa ya ngamia. Kijana mkubwa alikunywa kwanza, kisha akatawadha, mara tatu tatu. Magharibi tulisali nyuma ya yule mzee, na Isha pia, rakaa nne kamili, kwa kuwa imamu alikuwa mkazi.