TAKA ZA TARAKILISHI

Umewahi kuona fundi akimaliza nyumba halafu akaacha vipande vya mbao na mifuko mitupu ya saruji uani? Programu nazo huwa hivyo. Zinapowekwa kwenye seva ya Unix, mfumo ulioanzishwa Marekani mwaka wa 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie, nyingi hufungulia mizigo yao katika folda iitwayo /tmp. Stima ikipotea kabla kazi haijaisha, mizigo huweza kubaki papo hapo.

Muhula uliopita seva ya maabara yetu ilijaa pomoni. Mwalimu akashindwa kuhifadhi alama zetu za mtihani! Niliandika amri df -h, nikaona diski imefika asilimia 100. Kisha du -sh /tmp/* ikanionyesha folda zilizokula nafasi. Nikataka kufuta zote mara moja.

"Ngoja kwanza, kijana!" mwalimu akasema. "Hapa hakuna pipa la kuokotea."

Kumbe ni kweli, amri ya rm ikifuta imefuta. Ukiandika rm -rf /tmp/ * ukaacha nafasi kabla ya nyota, unafuta pia vitu vya folda uliyomo. Alama zetu zingeenda hivyo!

Basi tukatumia ls -l kuona tarehe na mwenye faili, na lsof kujua zinazotumika. Hizo hatukuzigusa. Masalio ya zamani tukayafuta moja moja, kwa jina. Jioni alama zikahifadhiwa.

Wenzangu, haraka haraka haina baraka. Kagua kwanza, ndipo ufagie.