Majibu ya Wanazuoni wa Kiislamu kwa Hoja za Utatu: Baghdad, Karne ya 9 na ya 10

1. Utangulizi

Si jambo la kawaida kitabu kunusurika kwa mkono wa mtu aliyekusudia kukibomoa. Ndivyo ilivyotokea kwa kitabu cha Abu Isa al-Warraq, mwanazuoni wa Baghdad wa karne ya 9, kilichoandikwa kuyapinga madhehebu matatu ya Wakristo wa zama zake. Hakuna nakala ya kitabu hicho iliyosalia peke yake. Maneno yake yanasomeka hadi leo kwa sababu Yahya ibn Adi, Mkristo na mwanafalsafa, aliyanakili fungu baada ya fungu katika karne iliyofuata ili ajibu kila fungu kwa zamu yake.

Makala hii yakusudia kueleza namna wanazuoni wa Kiislamu wa zama hizo walivyozijibu hoja za Kikristo kuhusu Utatu na Umwilisho, na namna Wakristo walivyowarudishia jawabu. Itaonyeshwa kwamba mjadala huo haukuwa wa kutupiana maneno tu. Ulihusu maana ya istilahi, kanuni za mantiki na, zaidi ya yote, swali lililowasumbua Waislamu wenyewe: je, Mungu mmoja aweza kuwa na sifa nyingi za milele bila umoja wake kuguswa?

2. Mazingira ya mjadala

Katika karne ya 8 na ya 9 Wakristo walikuwa wengi mno katika nchi zilizotawaliwa na makhalifa wa ukoo wa Abbas. Walikuwamo matabibu, makarani, wafasiri na wakopeshaji wa fedha. Karibu na mwaka 782, Patriarki Timoteo wa Kwanza, mkuu wa Kanisa la Mashariki, aliitwa mbele ya Khalifa al-Mahdi na kuulizwa habari za imani yake. Mazungumzo yao yalidumu siku mbili, naye Patriarki akayaandika baadaye katika barua.

Wakristo hao walikuwa wamekwisha anza kuandika teolojia kwa Kiarabu. Isitoshe, wao ndio waliokuwa mstari wa mbele katika kufasiri vitabu vya Wayunani kutoka Kiyunani na Kisiria. Aliyesifika kuliko wote ni Hunayn ibn Ishaq, aliyefariki mwaka 873. Kwa hiyo mantiki ya Aristotle iliwafikia Waislamu kwa sehemu kubwa kupitia mikono ya Wakristo, na pande zote mbili zikawa na lugha moja na silaha za aina moja.

Majibu ya Waislamu hayakuwa ya namna moja. Al-Jahiz, mwandishi mashuhuri wa Basra aliyefariki mwaka 869, aliwashambulia Wakristo zaidi kwa sababu ya cheo walichokipata mbele ya watu na mashaka waliyoyatia katika mioyo ya Waislamu wasio na elimu. Ali ibn Rabban al-Tabari, tabibu aliyekuwa Mkristo kabla ya kusilimu uzeeni, alitumia maandiko ya Biblia aliyoyajua tangu utotoni. Al-Warraq alishika njia ya tatu: hakuegemea Kurani wala Biblia, bali alizipima kauli za Wakristo kwa akili, akitafuta kama zakubaliana zenyewe kwa zenyewe.

3. Istilahi zilizogombewa

Ili hoja zieleweke, yafaa kwanza kuyatazama maneno matatu ya Kiarabu. La kwanza ni jawhar. Neno hili lilikuwa na maana ya kito cha thamani. Wafasiri wa falsafa wakalipa maana ya kitu kinachosimama kwa nafsi yake, yaani kiini kinachobeba mengine. Kiswahili kimelipokea neno hilo hilo kwa maana ya kito, johari, na kuiacha maana ya kifalsafa.

La pili ni uqnum, na wingi wake ni aqanim. Neno hili latoka katika Kisiria, qnoma, na lilitumiwa na Wakristo kumtaja Baba, Mwana na Roho kila mmoja kwa upekee wake. Halikuwa neno la kawaida kwa Mwarabu. Hapo ndipo mgogoro ulipoanzia, maana kila Mwislamu aliyelisikia aliuliza: uqnum ni kitu gani? Ni mtu? Ni sifa? Ni sehemu ya kitu? Wakristo wenyewe hawakukubaliana juu ya jibu.

La tatu ni sifa. Kwa Kiarabu cha wanazuoni, sifa ni lile linalosemwa juu ya kitu, kama elimu au uhai. Wakristo wengi walioandika kwa Kiarabu walijaribu kuzieleza aqanim kwa neno hilo. Walisema kwamba Mungu yupo, yu hai na ana elimu. Kuwapo kwake ndiko Baba, elimu au Neno lake ndilo Mwana, uhai wake ndio Roho. Kwa kufanya hivyo waliingia katika uwanja wa Waislamu, ambao nao walikuwa wakishindana vikali kuhusu sifa za Mungu.

4. Hoja za Abu Isa al-Warraq

Sehemu ya kwanza ya kitabu cha al-Warraq si hoja, bali ni maelezo. Aeleza kwa makini itikadi ya Wanestori, ya Wayakobi na ya Wamelkiti, akitaja wanakopatana na wanakotofautiana. Anazitaja hata tashbihi walizozitumia kueleza jinsi Neno lilivyoungana na mwanadamu: kama uso unavyoonekana katika kioo, au kama alama ya muhuri katika udongo. Watafiti wa sasa hutegemea maelezo hayo kama ushahidi wa jinsi Wakristo wa Iraki walivyoieleza imani yao wakati ule.

Baada ya maelezo hayo huanza kuhojiwa. Hoja yake kuu juu ya Utatu yaweza kufupishwa hivi. Wakristo wasema Mungu ni jawhar moja na aqanim tatu. Je, jawhar hiyo ndiyo aqanim, au si aqanim? Wakijibu kwamba ndiyo, basi kitu kisicho na tofauti ndani yake kimekuwa ndicho kile chenye tofauti. Umoja na utatu umekuwa jambo moja, na mgawanyo waliousema umepotea. Wakijibu kwamba siyo, basi iko jawhar na ziko aqanim tatu, na hesabu imefika nne. Jibu la kwanza alilielekeza hasa kwa Wanestori na Wayakobi, la pili kwa Wamelkiti, kwa kuwa ndivyo alivyozielewa kauli zao.

Kisha auliza tena: ikiwa aqanim zote tatu ni sawa katika jawhar, ni kitu gani kilichomfanya mmoja awe Baba na mwingine awe Mwana? Kama ni jambo lililomo katika jawhar, basi wote wanalo. Kama ni jambo lililo nje ya jawhar, basi katika Mungu kuna kitu kingine cha milele kisichohesabiwa.

Kuhusu Umwilisho, swali lake ni: nani aliyeungana na mwanadamu? Kama ni Neno peke yake, Neno limetendaje tendo ambalo Baba na Roho hawakulitenda, hali wao ni jawhar moja? Tena, kuzaliwa, kuteswa na kufa kulimpata nani? Wanestori walisema kulimpata mwanadamu. Al-Warraq awauliza, muungano umebaki wapi ikiwa aliyekufa si yule aliyeungana? Wayakobi walisema kwamba baada ya muungano hapakuwa na wawili. Awauliza, je, aliyesulubiwa ni Mungu? Kila dhehebu lajibiwa kwa kauli yake lenyewe, wala hoja ya dhehebu moja haibebeshwi jingine.

Jambo la ajabu ni kwamba al-Warraq mwenyewe hakuwa mtu aliyeaminiwa na Waislamu wenzake. Wanazuoni wa Mu'tazila walimtuhumu uzandiki, wakidai kwamba moyo wake ulielekea dini ya Mani. Hata hivyo, hoja zinazofanana na zake zinaonekana baadaye katika vitabu vya wanazuoni waliokubaliwa na watu.

5. Al-Kindi na kanuni za mantiki

Katika karne hiyo hiyo, al-Kindi, anayehesabiwa kuwa mwanafalsafa wa kwanza wa Waarabu, aliandika risala fupi juu ya Utatu. Aliijenga hoja yake juu ya kitabu cha Porphyrios cha utangulizi wa mantiki, ambacho Wakristo wenyewe walikitumia kuwafundishia wanafunzi wao.

Hoja yake ni hii. Kila uqnum ina jawhar inayoshirikiana na nyingine, na ina upekee unaoitofautisha. Basi kila uqnum imeundwa kwa mambo mawili. Kila kilichoundwa kina sababu iliyokiunda, na chenye sababu hakiwezi kuwa cha milele. Kwa hiyo aqanim tatu za milele haziwezekani. Risala hii nayo ilihifadhiwa katika jibu la Yahya ibn Adi, lililoandikwa mwaka 961 na kuchapishwa na Augustin Périer mwaka 1920 pamoja na tafsiri ya Kifaransa.

6. Jibu la Yahya ibn Adi

Yahya alizaliwa Tikrit mwaka 893 na kufariki Baghdad mwaka 974. Alikuwa Myakobi kwa dhehebu. Walimu wake walikuwa wawili: Abu Bishr Matta, Mnestori, na al-Farabi, Mwislamu. Riziki yake aliipata kwa kunakili vitabu. Ibn al-Nadim, aliyemjua, asimulia kwamba Yahya aliweza kuandika kurasa mia moja kwa usiku na mchana, na kwamba alikuwa amenakili mara mbili tafsiri kubwa ya Kurani ya al-Tabari pamoja na vitabu vingi vya wanazuoni wa kalamu ya Kiislamu. Kazi ya namna hiyo iliitwa wiraqa. Yaani, aliyejibu alifanya kazi ileile iliyompa mpinzani wake jina.

Msingi wa jibu lake ni kwamba neno «moja» lina maana zaidi ya moja. Kitu chaweza kuwa kimoja kwa upande fulani na kuwa kingi kwa upande mwingine, bila kauli hizo mbili kupingana. Mungu, kwa maoni yake, ni mmoja katika jawhar, na ni watatu kwa upande wa sifa tatu zinazojulikana kutokana na kazi zake: ukarimu, hekima na uwezo. Mahali pengine alitumia mfano wa akili inayojitambua: akili, mwenye kutambua na kinachotambuliwa ni kitu kimoja, lakini maana zake ni tatu.

Jibu hilo lina nguvu yake na lina udhaifu wake. Nguvu yake ni kwamba lamlazimisha mpinzani aeleze kwanza akusudia umoja wa aina gani. Udhaifu wake ni kwamba ukarimu, hekima na uwezo si lazima viwe vitatu tu. Mwislamu aweza kuuliza: mbona utashi haukuhesabiwa?

7. Upanga wenye makali kuwili

Swali hilo ndilo alilolishika al-Baqillani, mwanazuoni wa madhehebu ya Ash'ari aliyefariki mwaka 1013. Yeye aliwahi kutumwa katika mji wa Constantinople kama mjumbe, na alizijua hoja za Wakristo kwa kuzisikia. Aliwauliza: kama uhai na elimu ni aqanim, kwa nini uwezo usiwe uqnum ya nne?

Lakini al-Baqillani mwenyewe aliamini kwamba Mungu ana elimu, uwezo na uhai wa milele. Basi hoja ya «ndiyo yeye au siyo yeye» iliweza kumgeukia. Watu wa Mu'tazila walikuwa wamekwisha wakabili Waislamu wenzao kwa hoja hiyo, wakisema kwamba anayekiri sifa nyingi za milele afuata nyayo za Wakristo. Waliokiri sifa walijibu kwamba sifa za Mungu si Mungu mwenyewe wala si kitu kingine kisicho Mungu. Na msomaji makini hakosi kuona jinsi kauli hiyo inavyokaribiana na maneno ya Wakristo waliyoyapinga.

Jambo hili halikubaki vitabuni. Mwaka 833 Khalifa al-Ma'mun aliamuru makadhi na wanazuoni wahojiwe kama Kurani imeumbwa. Katika barua zake aliwalinganisha wanaokana kuumbwa kwake na Wakristo wanaosema kwamba Isa hakuumbwa kwa kuwa ni Neno la Mungu. Ahmad ibn Hanbal alikataa kuikubali kauli ya Khalifa. Akafungwa, na chini ya khalifa aliyefuata akapigwa mijeledi. Kwa hiyo kila aliyeandika juu ya Utatu alikuwa akiandika pia juu ya mgogoro wa nyumbani kwake.

8. Baada ya Baghdad

Mtindo wa kumnukuu mpinzani na kumjibu fungu kwa fungu uliendelea. Karibu na mwaka 1200, Paulo wa Antiokia, askofu wa Wamelkiti wa Sidoni, aliandika barua kwa rafiki Mwislamu akitumia aya za Kurani kuitetea imani yake. Barua hiyo ilitengenezwa upya katika kisiwa cha Kupro. Ilimfikia Ibn Taymiyya wa Dameski mwaka 1316, na mwaka 1321 ikamfikia mwanazuoni mwingine wa mji huo, al-Dimashqi. Jibu la Ibn Taymiyya ni refu kuliko barua mara nyingi. Ndani yake achunguza pia madai kwamba maandiko ya Wakristo yalipotoshwa, akitofautisha upotoshaji wa maneno na upotoshaji wa maana.

9. Hitimisho

Kitabu cha al-Warraq kilitolewa tena na David Thomas kwa sehemu mbili, mwaka 1992 na mwaka 2002, kutoka katika maandishi ya Yahya. Laiti Yahya angalifupisha hoja za mpinzani wake, au angaliziandika kwa namna ya kumrahisishia ushindi, zisingalijulikana leo.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili mjadala huu una funzo la lugha pia. Katekisimu za Kiswahili zilipotafuta neno la kutajia Baba, Mwana na Roho, hazikuchukua uqnum. Zilichukua nafsi, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo Mwislamu na Mkristo hulitumia pia kwa maana nyingine. Hali kadhalika sifa imebeba katika Kiswahili maana ya kutukuza pamoja na maana ya hali ya kitu. Mwislamu na Mkristo wanaozungumza habari hizi kwa Kiswahili hutumia maneno yaleyale bila kuwa na hakika kwamba wanakusudia maana ileile. Yahya alianza jibu lake kwa kuuliza «moja» maana yake nini, na swali la namna hiyo lingali lahitajika kuulizwa juu ya nafsi na juu ya sifa.