Majani, manjano na ugonjwa wa sukari

Wandugu wafanyakazi, na ninyi mama zetu wa nyumbani, kwenye dispanseri tunaulizwa mara nyingi: "Munganga, ni kweli majani haya yanaponya sukari?" Ulizo ni zuri, na jibu lake si fupi.

Tuanze na damu. Sukari ikizidi katika damu siku nyingi, inashikamana na protini za mwili. Ni jambo lile linalogeuza ngozi ya mukate kuwa ya kahawia ndani ya furu, nalo Mufaransa Louis Camille Maillard alilieleza katika mwaka 1912. Ndani ya mwili halihitaji moto, linahitaji wakati tu. Protini iliyoshikwa na sukari inaharibika umbo lake, kisha inashikana na zingine na kufanya mabonge. Tazameni ute wa yayi katika kikaango: ukiisha kuganda, haurudi kuwa maji. Mabonge ya namna hii yakitokea ndani ya lenzi ya jicho, mutu anaona ukungu. Ndiyo maana wagonjwa wa sukari wanapata mutoto wa jicho mapema kuliko wengine.

Kuna bonge lingine tena. Kongosho inatoa insulini, na pamoja nayo protini ndogo iitwayo amilini, iliyotambuliwa mwaka 1987. Kwa wagonjwa wengi wa sukari ya watu wazima, amilini hiyo inaganda karibu na chembe zinazotengeneza insulini.

Basi wataalamu wanatafuta kitu cha kuzuia mabonge. Ndani ya vichupa vya laboratwari, maji ya chai ya kijani, manjano na mudalasini yamepunguza kuganda kwa protini. Habari hiyo ni ya kweli, na wauza dawa sokoni wameipenda sana! Lakini kichupa si tumbo. Kiini cha manjano kinachosifiwa, mutu akikila, ni kidogo sana kinachofika katika damu. Na chai ya kijani iliyokazwa kuwa vidonge imekwisha kuumiza maini ya watu.

Hatudharau miti. Vidonge vya metformini, ambavyo wengi wenu munavimeza, asili yake ni mumea wa Ulaya uitwao galega. Mumea wenyewe unaweza kuua kondoo. Wataalamu walijifunza kiini chake, wakatengeneza dawa inayofanana nacho mwaka 1922, na ni mwaka 1957 tu ndipo munganga Jean Sterne wa Paris alitangaza matokeo yake kwa wagonjwa. Miaka 35 kwa dawa moja.

Hatari yetu sisi iko wapi? Mugonjwa anayeacha sindano ya insulini kwa sababu ya majani anaweza kufa kwa siku chache. Mwingine anachanganya: anameza vidonge vyake, anakunywa na majani machungu, halafu anaingia kazi ya usiku bila kula. Sukari inashuka mno. Jasho, kutetemeka, akili kupotea, naye yuko juu ya kamyo ya tani nyingi. Mwenzenu akionyesha alama hizo, musimamishe mashini, mumupe maji ya sukari ikiwa anaweza kumeza, kisha muite munganga mara moja.

Anayekunywa majani asifiche. Alete tawi lake kwenye dispanseri pamoja na vidonge vyake, tupime sukari na figo. Na avue bote tutazame miguu.