Vitamini A Yahitaji Mchukuzi

Ndugu mkulima, sisi wa pwani, tangu Malindi hata Kilifi, tumejaliwa vyakula vinavyolinda macho. Embe bivu, papai, mchicha na majani ya kunde vina kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Mtoto akiikosa huanza kutoona vizuri magharibi ikiingia. Asipotibiwa aweza kupofuka kabisa.

Lakini mboga peke yake haitoshi. Vitamini A hupenda mafuta, haipendi maji. Kwa hiyo mboga iliyotiwa tui la nazi hufaa mwili zaidi kuliko iliyochemshwa kwa maji matupu. Kisha vitamini hiyo huwekwa akiba katika ini, kama shehena katika bohari. Nawe wajua kuwa shehena haitoki bohari bila hamali. Hamali wa vitamini A ni protini maalumu inayotengenezwa na ini, ambayo huibeba katika damu. Wataalamu wa Marekani waliieleza mwaka 1968.

Mtoto anayeshinda kwa ugali wa muhogo na chai ya rangi hupungukiwa na hamali hao, na akiba yake hukwama katika ini. Mwaka 1973 ilitolewa taarifa ya watoto wa Misri waliodhoofika kwa utapiamlo. Walipolishwa chakula chenye protini, vitamini A ilizidi katika damu yao, hata kwa wale ambao hawakupewa vitamini yenyewe.

Basi fanya hivi:

1. Panda kunde kati ya mistari ya mahindi. Majani ni mboga, na kunde zenyewe zina protini.

2. Usiuze samaki, mayai na maziwa yote. Bakiza ya watoto kwanza.

3. Mtoto akitimiza miezi 6, chemsha kunde hata zilainike sana, ondoa maganda, uziponde pamoja na mchicha uliopikwa, utie tui. Mama aendelee kumnyonyesha.

4. Mpeleke kliniki apewe vitamini A kila miezi 6, mpaka atimize miaka 5.

Ukiona mtoto anajikwaa magharibi, au miguu imevimba, usingoje. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kwani jicho likishaharibika halirudi.