Ngao Haikuwa ya Mtu Mmoja

Ndugu msikilizaji, ukimtazama askari wa miguu wa Ugiriki ya kale katika picha za vitabuni, utaona shaba tupu toka utosini hadi miguuni. Pengine utadhani serikali ndiyo iliyomvika. La hasha! Kwa sehemu kubwa alijinunulia mwenyewe, au alirithi kwa baba yake. Asiye na uwezo alikwenda vitani na mawe au mikuki ya kurusha, na huko Athens wengi wao walipiga makasia katika manowari.

Basi na tumkague. Kichwani ana chapeo ya shaba. Ile ya mtindo wa Korintho ilifunika uso karibu wote, ikabakiza matundu ya macho na mwanya mdomoni. Masikio nayo yalizibwa, hivyo kusikia amri ilikuwa kazi. Juu ya kanzu yake fupi ana deraya, ya shaba au ya kitani. Miundi imekingwa kwa mabamba ya shaba. Mkononi ana mkuki wa zaidi ya mita 2, na ubavuni upanga.

Sasa tuitazame ngao. Ilikuwa ya mviringo, ya mbao, upana wake karibu sentimita 90, uzito wake kama kilo 7. Mkono wa kushoto ulipenya katika pete ya katikati hadi karibu na kiwiko, kiganja kikakamata mshikio ulio ukingoni. Kwa hiyo nusu ya ngao ilichomoza upande wa kushoto, ikamkinga jirani. Mwenye ngao naye, ubavu wake wa kulia ulitegemea ngao ya mwenzake.

Mwanahistoria Thucydides, akieleza vita vya Mantinea vya mwaka 418 kabla ya Kristo, anasema majeshi yote yalipokwenda kukutana na adui yalielekea kusogea kulia. Sababu? Hofu. Kila mtu alijibana kwenye ngao ya jirani yake.

Plutarch naye anasimulia kwamba Demaratus, mfalme wa Sparta, aliulizwa kwa nini aliyetupa ngao aliaibishwa, ilhali aliyepoteza chapeo au deraya aliachwa. Akajibu kwamba hivyo viwili mtu huvaa kwa ajili yake mwenyewe, bali ngao huibeba kwa ajili ya safu nzima.

Baadaye, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Athens ilianza kuwapa vijana wake waliokuwa mafunzoni silaha kwa gharama ya umma. Iliwapa nini? Mkuki na ngao. Deraya haikutajwa.

Ndugu msikilizaji, chapeo kila mmoja wetu anajua kujitafutia. Je, ngao uliyoishika inamfunika nani kushotoni kwako?

Hadi juma lijalo, kwaheri.