Velkro: utepe unaoshika na kuachia, na kazi zake nyumbani

Huenda jina lake hulijui, lakini sauti yake unaijua: kwaraaa! Ni ule utepe wa kwenye viatu vya watoto na mabegi ya shule, unaoshikana bila kifungo wala zipu. Mafundi cherehani wanauita velkro.

Asili yake sisi tunaopita mashambani tunaielewa haraka. Ukikatiza kwenye kishona nguo, unatokea upande wa pili suruali imejaa mbegu. Mwaka 1941 mhandisi wa Uswisi, George de Mestral, alitoka matembezini milimani na mbwa wake, wakarudi wamenaswa na mbegu za mmea wenye tabia kama hiyo. Alizitazama kwa hadubini, akaona zina vindoano vidogo vinavyoshika nyuzi. Ilimchukua miaka mingi kuiga jambo hilo kwa nailoni.

Ndiyo maana utepe huu una pande mbili. Ule unaokwaruza una ndoano, ule laini una vitanzi. Ukiuvuta kwa urefu wake unashikilia sana, kwa sababu ndoano zote zinabeba mzigo kwa pamoja. Ukiubandua kuanzia pembeni unaachia kirahisi, kwa kuwa ndoano zinafunguka chache chache. Hilo likumbuke kila unapotaka kuutumia.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya nguo za wazee. Mtu aliyepata kiharusi, au mwenye vidole vilivyokakamaa, hupata tabu na vifungo, na si kila mtu mzima anafurahia kuvalishwa shati na mjukuu. Toa vifungo, ziba matundu yake kwa uzi, kisha shonea vifungo hivyo hivyo juu ya matundu yaliyozibwa. Chini yake weka vipande vya velkro. Kwa nje shati ni lile lile, ila sasa linafungwa kwa mkono mmoja. Upande wa ndoano uelekee nje, usiguse ngozi. Kwa gauni la mama anayenyonyesha, mbinu ni hiyo hiyo.

Kazi ya pili ni wavu wa mbu dirishani. Shona upande laini kuzunguka ukingo wote wa wavu, kisha pigilia upande wa ndoano kwenye fremu kwa misumari midogo. Usigeuze, maana ndoano zikiwa kwenye wavu zitauchana wakati wa kufua. Zungusha bila kuacha nafasi, mbu hahitaji mlango mkubwa. Wavu ukijaa vumbi unaubandua, unafua, unarudisha.

Kuna na vidogo vidogo: kufunga waya wa chaja usijikunje, kuzuia foronya ya kochi isiteleze, kushikilia tochi ya sola ukutani. Tochi iwe nyepesi, na uzito wake uvute kuelekea chini, usiibandue kutoka ukutani.

Pa kuupata? Kwa wauza vifaa vya ushonaji unauzwa kwa kupimwa. Lakini kabla ya kununua, angalia viatu na mabegi yaliyochakaa, maana mara nyingi begi linakufa na velkro yake bado nzima. Ifumue taratibu kwa wembe. Ile yenye gundi nyuma mimi siiamini kwenye ukuta wa udongo. Gundi inashika vumbi, si ukuta. Kushona au kupigilia ndiyo dawa.

Ikianza kulegea, usiitupe haraka. Mara nyingi ndoano zimejaa nyuzi na nywele, zichokonoe kwa sindano au mswaki wa zamani. Ukifua, ifunge kwanza, la sivyo itanasa kanga ya mwenzako. Usiipige pasi ya moto wala kuiweka karibu na jiko, nailoni inayeyuka. Na vile vipande vidogo unavyokata, viokote vyote kama kuna mtoto anayetambaa.