LAXTON, KIJIJI CHA MASHAMBA YASIYO NA UA

Katika jimbo la Nottinghamshire, nchini Uingereza, kiko kijiji kidogo kiitwacho Laxton. Mgeni afikaye huko huonyeshwa kwanza kanisa la kale la mawe la Mtakatifu Mikaeli, kisha kilima kilichofanywa kwa mikono ya watu, ambapo Wanormani walijenga ngome baada ya kuiteka nchi mwaka 1066. Ngome imekwisha, kilima kimebaki. Lakini sifa ya Laxton haimo katika mawe, imo katika ardhi.

Zamani vijiji vingi vya Uingereza vilikuwa na mashamba makubwa mawili au matatu yasiyo na ua. Kila mkulima alikuwa na vipande vyembamba, kimoja huku na kingine kule, hata ardhi nzuri na mbaya ikawafikia wote. Baadaye, hasa kati ya mwaka 1750 na 1850, Bunge lilipitisha sheria nyingi za kuyagawa mashamba hayo na kuyazungushia ua. Wenye ardhi kubwa walifaidika. Maskini wengi walipoteza malisho, wakawa watu wa kutafuta mshahara. Laxton iliponyoka. Husimuliwa kwamba wenye ardhi wakubwa wawili wa hapo hawakuweza kupatana.

Basi mashamba matatu yangalipo. Moja hupandwa ngano, la pili shayiri au mazao mengine ya baada ya baridi, la tatu hupumzishwa au huachiwa majani ya mifugo; mwaka ufuatao hupokezana. Ramani iliyochorwa na Mark Pierce mwaka 1635 ingali yaonyesha vipande vya wakati ule. Mwaka 1952 Wizara ya Kilimo ilikinunua kijiji kwa Earl Manvers ili desturi hiyo isipotee. Mwaka 1981 kikapewa idara ya ardhi za Taji, na mwaka 2020 kikauzwa kwa milki ya Thoresby, iliyokuwa ya ukoo wa Manvers tangu zamani.

Pasipo ua, ni nini kimzuiacho mwenye tamaa asile ardhi ya jirani, mfuo mmoja mwaka huu na mwingine mwakani? Wakulima wa kila nchi wanaujua wizi huu wa polepole. Huko Laxton kazi hiyo ni ya baraza la kijiji. Karibu na mwisho wa Novemba wakulima walioapishwa hulikagua shamba la ngano, wakipigilia vigingi vya mipaka. Aliyelima mpaka ndani ya njia, au aliyeacha mfereji wake kuziba, huandikwa. Wiki ifuatayo baraza hukutana katika nyumba ya wageni ya Dovecote, na mkosaji hutozwa faini. Fedha zenyewe ni kidogo, ila wanaomhukumu ni majirani zake, atakaokutana nao kesho shambani.

Kisha huapishwa wakaguzi wa mwaka ujao. Hao watatembelea shamba jingine, kwa kuwa ngano itakuwa imehamia huko.